Sura ya Sita: Mayai ya Itigi

Mkoa wa Singida hauna bahari. Anayepanda treni Itigi kuelekea mashariki hupita Manyoni, Dodoma na Morogoro kabla hajafika Dar es Salaam, na maji ya chumvi anayoyaacha mkoani ni ya maziwa tu, Singidani na Kindai, pembeni mwa mji wa Singida, ambako heroe hutua kutafuta chakula. Sura tano zilizotangulia hazikuondoka pwani. Kwa kitabu kinachohusu viinitete vya wanyama wadogo wa baharini na hadubini zinazovipiga picha, kupanda hadi uwanda wa kati kunahitaji maelezo.

Bahari iliwavuta wachunguzi wa viinitete kwa sababu ya urahisi wake. Wanyama wengi wa baharini humwaga mayai na mbegu majini, yai likarutubishwa nje ya mwili, na mara nyingi yai lenyewe linapitisha mwanga. Hakuna tumbo la kupasua. Mwaka 1876 Oscar Hertwig alieleza alichokiona ndani ya yai la urchini, yule mnyama wa miiba anayewachoma watu wanaotembea mwambani maji yakitoka: kiini cha mbegu ya dume kinaingia na kuungana na kiini cha yai. Mwaka 1891 Hans Driesch alitikisa viinitete vya urchini vyenye seli mbili mpaka seli zikaachana, na kila seli ikatoa lava kamili, ila mdogo kuliko kawaida. Mwaka 1905 Edwin Conklin, akifanya kazi Woods Hole, Marekani, alizifuata seli za kiinitete cha askidia moja baada ya nyingine akaandika kila moja imekuwa nini. Askidia ni vifuko laini vinavyojishikiza kwenye nguzo za gati na chini ya mashua. Ukikibonyeza kimoja kinakurushia maji. Huwezi kuamini kwamba utotoni kilikuwa na mkia na kiliogelea.

Alichokichora Conklin kwa mkono kilirudiwa kwa mashine karne moja baadaye. Mwaka 2020 kundi la watafiti, wengi wao wa Ufaransa, lilichapisha katika jarida la Science picha za kiinitete cha askidia aitwaye Phallusia mammillata, zilizopigwa kila baada ya dakika mbili. Walitumia hadubini ambayo mwanga wake unapita kwa ubavu ukiwa umebanwa kuwa bamba jembamba, ili tabaka moja tu la kiinitete limulikwe kwa wakati mmoja na kamera ilitazame kutoka upande mwingine. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 2004 na Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao, na uzuri wake ni kwamba mwanga mkali hauunguzi sehemu ambazo hazipigwi picha, kwa hiyo kiinitete kinaendelea kuishi mbele ya kamera kwa saa nyingi. Kompyuta ilipozihesabu seli za askidia, ikaonekana kwamba kiinitete kimoja unaweza kukilinganisha na kingine karibu seli kwa seli. Kila seli ina mahali pake, majirani zake na saa yake ya kugawanyika.

Mtu akisoma kazi za namna hii kwa miaka mingi, anaishia kuamini kwamba kukua kwa kiinitete ni safari ya upande mmoja, isiyosimama na isiyobahatisha. Mimi niliiamini pia, na sioni aibu, maana vitabu vyote vilisema hivyo. Bahari hubadilika polepole. Kiinitete kinachokua ndani yake hakina sababu ya kusubiri. Samaki wa Itigi anaivuruga imani hiyo.

Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius itigiensis, nalo lilichapishwa mwaka 2020 na Béla Nagy, Brian Watters na Dirk Bellstedt. Ni wa jamii ya samaki wadogo wasiozidi urefu wa kidole. Dume ana rangi kali. Jike ni wa kijivu au kahawia, na mtu asiyemjua atadhani ni samaki wa aina nyingine. Nothobranchius wametawanyika Tanzania nzima na nchi jirani, kuanzia pwani hadi uwanda wa juu, lakini hutawakuta ziwani wala kwenye mto unaotiririka mwaka mzima. Wanaishi kwenye madimbwi ya msimu, yale yanayojaa mvua zikianza na kukauka kabisa kiangazi.

Watters alikuwa mtaalamu wa jiolojia kabla ya kuwa mtaalamu wa samaki, na huenda ndiyo maana alitazama chini wakati wenzake wanatazama majini. Aligundua kwamba dimbwi likiwa na samaki hawa, chini yake kuna udongo wa aina maalumu: ule mfinyanzi mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa pana ukikauka. Yeyote aliyewahi kukwama na gari kwenye mbuga za Singida mwezi Februari anaujua udongo huo bila kuhitaji jiolojia. Dimbwi la kichanga linaweza kujaa maji mazuri na lisiwe na samaki hata mmoja.

Singida hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Samaki wa dimbwi ana miezi hiyo tu. Huanguliwa maji yakiingia, hula vijidudu vya majini, hukua kwa kasi isiyo ya kawaida, na huanza kutaga mapema sana. Ndugu yake wa kusini, Nothobranchius furzeri, aliyekusanywa Gonarezhou nchini Zimbabwe mwaka 1968 na kuelezwa kisayansi mwaka 1971, ameonekana Msumbiji akipevuka siku 14 tu baada ya kuanguliwa; hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kupevuka upesi hivyo. Dume humwongoza jike hadi chini, humfunika kwa pezi lake, na kila wanapojikunyata pamoja yai moja husukumwa ndani ya tope. Halafu wanaondoka na kurudia, siku baada ya siku, mpaka dimbwi linakauka na wote wanakufa. Kamongo huepuka kiangazi kwa kujizika mwenyewe akiwa mzima. Hawa wamechagua njia nyingine: mzazi anakufa, anayevuka kiangazi ni yai.

Ndiyo maana wapo watu wanaosema samaki hawa hushuka na mvua. Kwa mtu aliyepita mahali palepale Septemba akaona ardhi ngumu iliyopasuka, kisha akapita Januari akaona samaki wanaogelea bila mto wowote kuingia, kusema wameshuka na mvua si upuuzi. Ni maelezo yanayokubaliana na alichokiona kwa macho. Kilichokosekana ni hadubini.

Yai lenyewe lina upana wa milimita moja hivi. Si dogo kwa macho, na ganda lake, ingawa ni gumu, linapitisha mwanga. Juu ya ganda kuna vinyweleo vinavyonasa chembe za udongo, jambo linaloudhi kwa mtu anayetaka picha safi, hivyo kazi ya kwanza maabara ni kulisafisha. Mengi yanayojulikana yameonekana kwa ndugu wa samaki wa Itigi ambao wamefugwa kwa muda mrefu. Mmoja ni N. furzeri. Mwingine ni wetu kabisa: Nothobranchius guentheri wa Unguja, aliyeelezwa na Georg Pfeffer mwaka 1893 kutokana na samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann, na ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa akizaliwa, kuzeeka na kufa kwenye maabara za Marekani ili watu wajifunze uzee. Kusafirisha samaki hawa hakuhitaji tangi. Mayai hufungwa ndani ya mboji yenye unyevunyevu kwenye kifuko cha plastiki, hutiwa kwenye bahasha, na hupelekwa kwa posta. Ni samaki wachache duniani wanaoweza kupigwa muhuri.

Sasa tuliweke yai chini ya lenzi. Saa za mwanzo hazishangazi: seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, juu ya kiini kikubwa cha chakula. Hata hapa lakini kuna jambo. Mwaka 2014 Luca Dolfi, Roberto Ripa na Alessandro Cellerino walipima muda kati ya mgawanyiko mmoja na unaofuata, wakawalinganisha samaki wa madimbwi na jamaa zao wanaoishi kwenye maji yasiyokauka. Samaki wa madimbwi hugawanya seli zao za kwanza polepole zaidi. Inachekesha: samaki anayeishi maisha ya haraka kuliko wote ana yai lisilo na haraka.

Kisha seli zinaanza kutambaa kulifunika yai lote, kama ilivyo kwa samaki wengine. Kwa samaki wengine, wakati utambaaji huo unaendelea, seli za ndani hujikusanya upande mmoja na mstari wa mwili huonekana: huku kichwa, huku mkia. Kwa Nothobranchius hakuna mstari. Seli za ndani, zile zitakazojenga mwili wote, zinaachana. Zinatawanyika juu ya kiini cha chakula, kila moja peke yake, zikisogea huku na huko bila mpangilio unaoonekana. Ukilitazama yai wakati huo, unaona tufe lenye vidoa vilivyotapakaa. Hakuna mbele wala nyuma. Hakuna kiinitete, ukitumia neno hilo kwa uzito wake. Zipo seli hai tu zinazozurura ndani ya ganda.

John Wourms, aliyeandika juu ya hatua hizi mwaka 1972 kwa undani ambao bado unatumika, aliona kwamba baada ya muda seli hizo hukusanyika tena mahali pamoja, na hapo ndipo mwili unaanza. Mtu aliyelelewa na askidia wa Conklin anapata taabu kulikubali hili. Seli ambazo zilikuwa majirani jana leo ziko pande mbili za yai, kesho zitakutana na nyingine zisizowahi kuonana, na kutoka kwenye mkusanyiko huo atatoka samaki yuleyule mwenye macho mawili na pezi la mkia mahali pake. Kama kila seli ya askidia ina mahali pake tangu mwanzo, hizi zinapangiwa mahali zikishakutana. Driesch angefurahi. Na si Afrika peke yake: samaki wa madimbwi ya Amerika ya Kusini nao hutawanya seli, ingawa uwezo wao wa kusimamisha ukuaji inaonekana uliibuka kivyake, mbali na huu wa kwetu.

Faida ya kutawanyika haijamalizwa kujadiliwa, lakini kuna moja inayoeleweka kirahisi. Seli iliyoharibika wakati wa kuzurura haiui mwili, kwa kuwa mwili haujapangwa bado. Yai linaweza kungoja katika hali hiyo, nalo hungoja kweli. Tope lililo chini ya maji halina hewa ya kutosha, na mayai yaliyotagwa humo husimama wakati seli zimetawanyika. Huo ndio mkao wa kwanza kati ya mitatu aliyoieleza Wourms, ambayo wataalamu huiita dayapozi. Dimbwi likikauka, mfinyanzi mweusi unapasuka, hewa inaingia kupitia nyufa, na seli zinakusanyika. Hapa ndipo udongo wa Watters unapoonekana una maana: nyufa zinazomkera mpita njia ndizo mlango wa pumzi.

Mkao wa pili ndio uliowavuta watafiti wa leo. Kiinitete sasa kina umbo. Kina kichwa, ubongo ulioanza kugawanyika, uti wa mgongo wenye jozi 38 hivi za vipande vya misuli, na moyo ambao bado ni mrija tu. Kisha kinasimama. Moyo hupiga polepole sana, na wakati mwingine hauonekani kusogea kabisa. Seli haziendelei kugawanyika. Hali hiyo inaweza kudumu miezi, maabara hata zaidi ya mwaka. Mtu akiona kitu kisichosogea chini ya hadubini wiki baada ya wiki, wa kwanza kulaumiwa ni yeye mwenyewe: ameua kiinitete. Ilibidi itafutwe njia ya kutofautisha kilichokufa na kilichopumzika.

Njia hiyo ni rangi. Watafiti walitengeneza samaki wanaobeba protini mbili zinazong'aa: seli iliyotulia, ambayo haijaanza kujiandaa kugawanyika, inawaka nyekundu, na iliyo njiani kugawanyika inawaka kijani. Kundi la Cellerino lilichapisha mwaka 2019 picha za N. furzeri wa namna hiyo wakiingia na kutoka kwenye dayapozi. Badala ya kusubiri kuona kama kiinitete kimekua, unaangalia rangi. Na kinapoamka hakianzi kwa kunyata. Seli zinarudi kazini kwa pamoja, kinafidia haraka muda uliopotea, kisha kinaendelea kama vile hakikuwahi kulala.

Swali linalofuata kila mtu angeliuliza: je, kulala huko kuna gharama? Mwaka 2020, katika Science, Chi-Kuo Hu, Anne Brunet na wenzao walionyesha kwamba samaki waliokaa kwenye dayapozi hawakuishi maisha mafupi baadaye, wala hawakupungukiwa ukuaji au uzazi, ukilinganisha na wale walioipita bila kusimama. Muda wa kusubiri haukuhesabiwa kwenye umri. Kundi hilo lilitaja kundi la protini ziitwazo Polikombi, hasa moja, CBX7, kuwa muhimu katika kuhifadhi misuli wakati wa kulala. Akikosekana mlinzi huyo, misuli inadhoofika. Kwa samaki ambaye akiwa mzima huzeeka na kufa ndani ya miezi michache, hiki ni kitendawili kizuri kuliko vyote: mwili mmoja, saa mbili, moja inakimbia na nyingine imezimwa.

Lakini si viinitete vyote vinavyosimama. Chukua mayai ya jike mmoja, yatunze pamoja kwenye sahani moja, na utaona mengine yameingia kwenye mkao wa pili na mengine yamepita moja kwa moja. Joto lina usemi: kwenye nyuzi zaidi kidogo ya 20 mengi hulala, ukikaribia 30 mengi hupita. Umri wa wazazi nao una usemi. Hata hivyo, ndani ya sahani moja yenye joto moja bado ndugu hutofautiana. Maabara za kawaida zingeona huo ni uchafu wa jaribio. Mkulima wa Singida hatashangaa, kwa sababu naye hamwagi mbegu zake zote za uwele kwa mvua ya kwanza. Mvua ya Desemba inaweza kunyesha siku tatu, ikakatika wiki nyingi, na dimbwi lililojaa likakauka kabla samaki hajataga. Mayai yaliyokuwa tayari yote yataanguliwa na kufa. Yaliyokuwa bado na jozi 38 za misuli yatabaki.

Mkao wa tatu ni wa mwisho. Samaki mdogo amekamilika, ana macho meusi, amejikunja ndani ya ganda na mkia wake umepita kichwa. Anachosubiri ni maji. Maabara humwamsha kwa kumwagia maji baridi kidogo juu ya mboji, na ndani ya saa chache ganda linapasuka. Akitoka lazima ajaze kifuko cha hewa upesi. Anayeshindwa hubaki akitambaa kwa tumbo chini ya tangi, na wafugaji wote wanamjua huyo. Mara nyingi ni yule aliyeamshwa kabla ya wakati au kucheleweshwa mno.

Tope la Singida limetunza viumbe kwa namna nyingine pia. Mahenge, mkoani humohumo, palikuwa na ziwa la kreta yapata miaka milioni 46 iliyopita, na matope yake yaliyogeuka mwamba yametoa samaki, popo na chura mmoja, Singidella latecostata, aliyepewa jina mwaka 2005. Chura huyo ni wa familia moja na Xenopus, ambaye viinitete vyake vimejaza nusu ya vitabu vya fani hii. Sitaki kumlazimisha kwenye hoja yangu. Namtaja kwa sababu mkoa huu huhesabiwa kwa alizeti na kuku wa kienyeji, na ni haki pia uhesabiwe kwa haya.

Shida ya madimbwi ya msimu ni kwamba hayaonekani kuwa na thamani. Ziwa lina watetezi. Dimbwi linalokauka lina trekta. Likilimwa kila mwaka, mayai yanafukuliwa na jua. Likichimbwa kuwa lambo la kushika maji mwaka mzima, wanaingia kambale na perege, na udongo haupasuki tena. Sisemi malambo yasichimbwe, ng'ombe wanahitaji maji Oktoba. Nasema tu kwamba lambo na dimbwi si kitu kimoja, na mahali penye madimbwi matano mfululizo, kuliacha moja kama lilivyo hakumnyimi mfugaji kitu. Mashimo ya vifusi yaliyochimbwa kando ya barabara nayo, yakiwa kwenye mfinyanzi mweusi, wakati mwingine hupata samaki wake bila mtu kukusudia.

Hadubini ya bamba la mwanga ni ghali, na samaki wenye protini zinazong'aa hawako kwenye kila maabara. Ila hatua tatu za Wourms hazikuonekana kwa vifaa hivyo. Zilionekana kwa hadubini za kawaida na uvumilivu. Hadubini ya shule ya sekondari yenye uwezo wa kukuza mara 40 inatosha kuhesabu vipande vya misuli na kuuona mrija wa moyo, na yai likiwa na afya ganda lake linang'aa. Lililokufa hugeuka jeupe lisilopitisha mwanga. Mwanafunzi wa Itigi au Manyoni angeanzia hapo: kutenga meupe, kisha kuyapanga yaliyobaki katika mafungu matatu, yenye vidoa, yenye mstari, na yenye macho.